Jina la Baba Yake Yotham

Mume wangu Yotham alikamatwa kwa ajili ya sentensi kumi na mbili za Kiingereza, na nyingi kati yake hazikuwa hata za kweli. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Miyuji wamekwisha kuitengeneza habari yake wanavyotaka wenyewe. Wako wanaosema alikuwa mpelelezi wa Waingereza, tena wanasema kwa fahari, kwa kuwa Waingereza ndio walioshinda. Yotham hakumpeleleza mtu. Alikuwa mwalimu wa watoto ishirini na watatu waliosomea chini ya kibanda cha nyasi, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: akishika kitu cha kusoma hawezi kukiachia.

Kiingereza alikipata misheni, mwendo wa siku moja kutoka kwetu, kwa bibi mmoja Mzungu aliyetufundisha kusoma sote wawili. Vita vilipoanza Wajerumani walimchukua yule bibi na wenzake wakaenda kuwafungia mbali, magharibi huko. Kabla hajaondoka alimwachia Yotham kitabu cha lugha kisicho na jalada. Walikuwa wamefika ukurasa unaofundisha jinsi Waingereza wanavyosema mambo waliyoyaweza zamani, na mambo ambayo wangaliyaweza lakini hayakuwa. Yotham akabaki hapo hapo kwenye ukurasa ule, maana hakuwa na mtu wa kumvusha.

Jioni nikisaga uwele alikuwa akija kukaa karibu na jiwe langu na kunieleza. Neno lenyewe, alisema, ni kudi. Kudi peke yake ni nguvu uliyokuwa nayo. Ukilifungia hevu nyuma yake, ni nguvu uliyokuwa nayo usiitumie. Nilimwuliza kama hao Waingereza hawana kuni za kukata, hata watu wazima wakae chini wajifunze kusimulia wasiyoyafanya. Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na kicheko cha kijinga, cha kupanda juu kama cha mtoto, na leo mtu akikiigiza mbele yangu nitampiga.

Kwa kuwa kitabu kilikuwa na mifano michache, alitunga yake mwenyewe katika daftari, kisha akanitafsiria. Nilipokuwa kijana niliweza kubeba gunia la mtama peke yangu. Huo ulikuwa uongo, hata nusu gunia lilimshinda. Baba yangu aliweza kumjua ng'ombe wake kwa alama ya kwato. Hiyo ilikuwa kweli. Niliweza kuiona stesheni ya Dodoma kutoka mlimani. Ningaliweza kuyahesabu mabehewa, lakini nilikuwa mgonjwa. Ningaliweza kumwoa msichana mwingine, lakini sikutaka. Ya mwisho aliiandika ili nikasirike, nami nikakasirika kama alivyopanga.

Mwezi wa pili wa mwaka 1916 askari walikuja Miyuji kutafuta nafaka. Walikuwa wamekwisha kuja mara mbili kuchukua ng'ombe, na safari hii walichoma mikuki katika kuta za tembe kutafuta vilindo vya nafaka tulivyovificha. Kilindo chetu hawakukiona. Waliliona daftari. Askari aliyelichukua hakujua kusoma, lakini alijua maandishi yale si ya Kiswahili wala si ya Kijerumani, akampelekea Mzungu wake bomani Dodoma. Mzungu huyo alijua Kiingereza kiasi cha kuelewa stesheni na mabehewa. Kabla ya jua kuchwa Yotham alikuwa amefungwa mikono.

Alikaa katika gereza la boma wiki nne. Kila baada ya siku moja nilikwenda kumpelekea ugali na mlenda, nikiwa na binti yetu Hana mgongoni, wa miezi saba. Hatukuruhusiwa kuwaona wafungwa. Tulikabidhi chakula mlangoni kwa karani aliyeitwa Halfani, Mrangi wa upande wa Kondoa, mtu mwembamba wa kanzu safi, naye aliandika nani kaleta nini. Halfani hakuwa mtu mbaya. Nimemchukia miaka mingi kwa sababu ilinibidi nimchukie mtu, lakini hakuwa mtu mbaya.

Sasa kabla sijaendelea, ni lazima niseme jambo la kwetu. Sisi Wagogo, mwanamke akiolewa hatamki jina la baba wa mumewe. Hamwiti kwalo, halisemi akimsimulia, na likifanana na neno la kawaida basi neno hilo nalo analikwepa na kutafuta lingine. Hafundishwi kwa fimbo. Anaingia katika nyumba ile na anakuta mama mkwe wake hivyo, na mke wa shemeji hivyo, naye anakuwa hivyo. Mimi mkwe wangu nilimwita baba, na nikiwa mbali naye nilisema mzee wetu.

Mara moja nilikosea. Nilikuwa kisimani, mwaka wa kwanza wa ndoa, mwenye mimba, na mtoto wa jirani aliyepewa jina lile lile alitaka kutumbukia. Nikamwita kwa sauti. Wanawake wote waligeuka wakanitazama. Mtoto wa jirani alipona, nami nikajifungua salama mtoto wa kiume, akafa ana miezi minne. Mama mkwe hakunigombeza. Tulipokuwa tukirudi kutoka kuzika alisema tu kwa upole kwamba nililitaja. Yule bibi wa misheni, nilipomweleza, alisema mtoto alikufa kwa homa, na kwamba Mungu haui watoto wachanga kwa sababu ya majina. Yule bibi nilimwamini kwa kichwa. Mama mkwe nilimwamini kwa tumbo, na tumboni ndiko mtoto alikotoka.

Siku ya mwisho nilifika bomani jua likiwa bado chini. Uwanja ulikuwa umejaa mizigo: magunia, masanduku ya risasi, mitungi. Halfani alinivuta pembeni kabla sijatua kikapu. Alinieleza haraka haraka kwamba Mzungu mwingine amekuja, mwenye cheo kuliko yule wa kwanza, na kwamba kwao alikuwa mwalimu wa shule. Alilifungua daftari la mume wangu akacheka peke yake. Alisema haya si mambo ya upelelezi, ni mazoezi ya lugha, na yeye mwenyewe alichapwa viboko utotoni kwa ajili ya mazoezi kama haya. Ameamuru Yotham mwalimu aachiwe aende zake.

Nilitaka kumshika Halfani miguu, lakini yeye alikuwa bado anazungumza.

Wafungwa wengine wote, alisema, wanatoka adhuhuri hiyo hiyo kubeba mizigo ya vita kwenda Kondoa. Wamekwisha kupangwa nyuma ya boma, amri iko kwa sajini. Na katika kitabu wako Yotham wawili, wote wameandikwa kwa jina la baba na hakuna mahali palipoandikwa mwalimu. Nilimwambia aende tu akamwite Yotham mwalimu. Akasema akiita mwalimu watasimama kumi, kwa kuwa kila mtu anajua anayetolewa mstarini leo atalala kwao. Wiki iliyopita mfungwa mmoja alitoka kwa jina la mwenzake, naye Halfani akala viboko ishirini na vitano. Hawezi kukosea tena. Ndugu ataje jina la baba, yeye aliweke alama kitabuni, sajini amtoe mtu huyo. Basi.

"Nitajie jina la baba yake," alisema. "Neno moja tu, mama, nikamtoe."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka nilifungua mdomo, kwa sababu niliuona uso wake ukingoja. Hana alikuwa amelala mgongoni na nilihisi pumzi yake shingoni. Nikaufunga.

Nikamwambia ni mzee wetu wa Miyuji. Akasema anataka jina, si cheo. Nikamwambia ni yule mwenye boma la miba karibu na mlima, ng'ombe wake wengi walikuwa wekundu kabla hawajachukuliwa, mguu wake wa kushoto umevimba siku nyingi, babake alitoka upande wa Mtumba. Nilimweleza mkwe wangu yule hata mtu angaliweza kumchora. Halfani alishika kichwa. Alikuwa Mrangi, na kwao pia iko heshima, lakini si kama hii yetu, naye alidhani labda silijui. Nikasema nalijua. Akaniuliza kama nina wazimu.

Nikamwomba anisomee yote mawili, nitikise kichwa kwenye lenyewe. Alikataa. Alisema akianza kusomea watu majina, kesho hata mke wa mwizi atatikisa kichwa, na sajini alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Wanawake wengine waliokuwa pale walikuwa wa vijiji vya mbali. Niliwauliza mmoja mmoja kama wanamfahamu mzee wetu wa Miyuji. Hakuna aliyemfahamu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mwanamke wa kwetu tu angalifanya. Nilitazama jua, nikaona liko bado chini ya nusu. Nikawaza kwamba shemeji yangu Marko ni mtoto wa mzee yule na mdomo wake uko huru. Nikimfikia Miyuji nikaja naye, atalitaja yeye, Yotham atatoka, na Hana hatadhurika. Nilikuwa mkimbiaji mimi. Nilipokuwa msichana niliweza kumfikia ndama aliyetoroka nikamshika mkia, na wavulana waliniogopa. Nilijiona mwerevu, nasema kweli. Nilijiona nimewashinda wote, Wajerumani na mizimu.

"Nitakungoja mpaka tarumbeta ya adhuhuri," Halfani alisema. "Lakini mama, mbona unakwenda mbali kutafuta kitu ulicho nacho?"

Nilikuwa nimekwisha kukaza kanga ya mtoto.

Nilikimbia. Sijapata kukimbia vile kabla ya siku ile wala baada yake. Upepo wa Dodoma mnaujua, na vumbi lake, na siku ile ulinijia usoni njia nzima. Nilifika Miyuji nikamtua Hana mapajani mwa mama mkwe bila kusema kitu. Mkwe wangu alikuwa ameketi juani mbele ya tembe, mguu wake mbovu umenyooshwa. Nilipita mbele yake nimeinamisha kichwa, kama ipasavyo. Hakuna mkamwana anayesimama mbele ya mkwewe kumwambia habari za jina lake. Hata wazo hilo halikunijia.

Marko hakuwapo. Ng'ombe watatu waliotubakia alikuwa amewahamishia kwenye korongo la mbele kwa kuwaogopa askari, mbali kuliko nilivyodhani. Nilimtafuta nikiita mpaka sauti ikakauka. Nilipompata sikueleza mengi, nilimshika mkono tukaanza kurudi, yeye mbele mimi nyuma. Tulikuwa tumeanza kuona bati la stesheni tuliposikia tarumbeta.

Halfani alikuwa mlangoni peke yake. Uwanja ulikuwa mtupu, magunia hayapo. Marko alilitaja jina la baba yake hata kabla hajaulizwa, kwa sauti kubwa, na Halfani akafungua kitabu akapitisha kidole.

"Huyu hapa," akasema. "Namba thelathini na moja."

Alituonyesha. Lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa wino mweusi, na mimi najua kusoma: asubuhi ningaliweza kulionyesha kwa kidole. Akaeleza kwamba mwishowe alijaribu kuita mwalimu wa Miyuji, wakasimama wanne, na Yotham alikuwa mmoja wao. Alipaza sauti kusema jina la baba yake, lakini wale watatu nao wakalidaka wakalisema. Sajini aliona ni mzaha akawapiga wote kwa kitako cha bunduki wakarudi mstarini. Kisha Halfani alimwambia Marko aondoke upesi kabla askari hawajayaona mabega yake.

Mimi niliifuata barabara ya Kondoa. Niliwakuta wamefika kwenye migunga, mstari mrefu, mizigo kichwani, shingo zimefungwa kamba kwa makundi. Kwa nyuma watu wote ni sawa wakiwa na mizigo. Nilipaza sauti nikaita Yotham. Mtu mmoja aligeuka, akanitazama kwa tamaa kubwa ya kuitwa, naye alikuwa Yotham yule mwingine. Askari wa nyuma alinisukuma kwa bunduki nikaanguka, na nilipoinuka walikuwa wamefika bondeni.

Habari ilitufikia kiangazi, baada ya Waingereza kuwafukuza Wajerumani Dodoma. Aliileta mpagazi aliyetoroka, Bartolomayo, mtu wa karibu na Chemba. Alisema Yotham alifariki kwa kuhara damu kabla ya kufika Kondoa, kandokando ya mto Bubu, na kwamba walimfukia kwa mikono kwa kuwa hawakuwa na jembe. Alisema alikuwa mchekeshaji njiani, siku za kwanza. Siku ile ile askari wa Kiingereza walipita Miyuji wakitaka maji, wakinyoosha vidole midomoni, na kijiji kizima kiliwatazama bila kuelewa. Mimi nilielewa. Niliwaza kwamba Yotham angalikuwa hapo angalikuwa mtu mkubwa, karani wao, mkalimani wao. Niliingia ndani nikawaacha waendelee kunyoosha vidole.

Tulikaa msiba bila maiti. Siku ya nne mkwe wangu aliniita. Mama mkwe alinisindikiza, nikapiga magoti pembeni, uso ukutani, kama ilivyo desturi. Mpaka siku ile mzee alijua tu kwamba tulichelewa. Marko alikuwa amesema tulichelewa, na mimi niliacha iwe hivyo. Mzee aliuliza tulichelewea kitu gani hasa. Alisema mimi niliondoka nyumbani asubuhi, niko bomani mapema, kisha akaniona napita hapa nakimbia. Nilifuata nini?

Nilimweleza yote, nikiuambia ukuta. Nilieleza habari ya kitabu na Yotham wawili, na karani aliyetaka neno moja. Nilipomaliza nilidhani amekasirika. Ningalipenda sana awe amekasirika.

"Jina langu," akasema mwishowe. "Hilo tu walilotaka?"

Nikasema ndilo hilo.

"Ng'ombe wangu walichukua arobaini na sikufa. Ningalikunyima jina? Ulipita hapa mbele yangu, mwanangu. Mguu huu ndio mbovu, lakini mdomo ulikuwa mzima. Ungaliniuliza, ningalikuambia rudi ukaliseme, useme na la baba yangu juu yake."

Nikalia. Mama mkwe naye alilia, na nilijua analilia lile neno lake la siku tuliyozika mtoto. Sikuwa na huruma naye wakati ule. Huruma ilikuja baadaye sana, naye alikuwa amekwisha kufa.

Mzee akaniambia nigeuke nimtazame. Sikuwa nimepata kumtazama machoni tangu niolewe. Yalikuwa macho ya Yotham, yamezeeka tu. Akaniambia nilitaje. Nikatikisa kichwa. Akaniambia tena, polepole, kwamba yeye ndiye mwenye jina na ndiye anayeamuru, na kama liko deni la mizimu atalilipa mwenyewe.

"Ndahani," nikasema.

Lilitoka mara moja. Halikunikwama kooni wala ulimi haukuwa mzito, jina fupi, jepesi, mtoto wa miaka miwili angalilisema. Hana alikuwa anatambaa mlangoni akicheza na kibuyu, na aliendelea kucheza.

"Naam," mzee akaitika, akaufunika uso wake kwa shuka.